Mume alishakatwa mirija, sasa mnataka mtoto: kuunganisha, IVF (kutungisha yai maabara), mbegu za mchangiaji au kuasili?

Mwanaume anapofunga uzazi huambiwa ahesabu kuwa ni jambo la kudumu, naye hutia sahihi. Wengi hawarudi nyuma. Lakini mke hufariki, ndoa huvunjika, mtoto huzikwa, na miaka kumi baadaye mwanaume yuleyule anakaa mbele ya daktari na mke mwingine ambaye bado hajazaa. Marekani, ambako wanaume kama nusu milioni hukatwa mirija kila mwaka, inakadiriwa hadi 6 kati ya 100 hurudi kuulizia kufunguliwa. Kwetu idadi ni ndogo, ila vasektomi, yaani huko kukatwa mirija, si ngeni: Kigoma imekuwa ikifanywa kwa miaka mingi, Rwanda iliisambaza nchi nzima, na mwaka 2016 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Siku ya Vasektomi Duniani. Wanaorudi watazidi kuwapo.

Kwanza tuondoe dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba aliyekatwa mirija amekauka. Hajakauka. Korodani zinaendelea kutengeneza mbegu kila siku, kilichofungwa ni njia tu, na mbegu zisizotoka mwili huzivunja na kuzifyonza. Ya pili ni kwamba kuna dawa ya mitishamba au vidonge vya "kuzibua". Mrija uliokatwa na kufungwa hauzibuliwi kwa kunywa kitu. Mkiuziwa chupa kwa ajili hiyo, mmeuziwa maji.

Njia za kweli ziko nne, na kila moja inawafaa watu fulani.

Vigezo vya kupimia

Mume ndiye aliyekatwa, kwa hiyo mazungumzo yote huelekea kwake: alikatwa lini, wapi, nani atamfungua. Mimi naona huko ni kuanzia mwisho. Kigezo kinachobadilisha jibu kuliko vyote ni umri wa mke na akiba ya mayai yake. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hapati mengine, na baada ya miaka 35 idadi na ubora wake hushuka kwa kasi. Mke wa miaka 29 ana nafasi ya kungoja upasuaji wa mume upone na mbegu zirudi. Mwenye miaka 40 akipoteza mwaka mmoja amepoteza kitu kisichorudi.

Kigezo cha pili ni miaka iliyopita tangu mume akatwe. Cha tatu ni idadi ya watoto mnaotaka: mmoja tu, au wawili watatu? Cha nne ni pesa, na hapa msiangalie jumla peke yake, angalieni na namna zinavyotoka, mara moja au kila mnapojaribu. Cha tano ni mwili wa nani unabeba mzigo wa matibabu. Cha sita ni imani yenu na msimamo wenu juu ya damu, maana kwa familia nyingi hapo ndipo mjadala unapoanzia na kuishia.

Kabla ya kuchagua, pimweni wote wawili. Kwa mke: kipimo cha damu cha homoni ya AMH, inayoonyesha akiba ya mayai, ultrasaundi ya kuhesabu vifuko vya mayai, na picha ya eksirei ya mirija ya uzazi. Kwa mume: daktari apapase korodani na mirija, na vipimo vya damu vya homoni pamoja na maambukizi kama VVU na homa ya ini. Nawasihi sana juu ya ile picha ya mirija. Mume anaweza kufunguliwa vizuri kabisa, mbegu zikarudi tele, kumbe mirija ya mke iliziba tangu maambukizi ya via vya uzazi ya miaka ya nyuma. Hapo fedha yote ya upasuaji imekwenda bure, na kipimo ambacho kingewaambia mapema ni cha siku moja.

Njia ya kwanza: kuunganisha mirija upya

*Kinachofanyika.* Mume analazwa usingizi au anachomwa ganzi ya mgongo. Daktari hupasua kidogo kila upande wa mfuko wa korodani, hutafuta mahali palipofungwa, hukata kovu na kubaki na ncha mbili safi. Kisha hufanya jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Huminya polepole ncha ya upande wa korodani, hugusisha tone la majimaji yanayotoka kwenye kioo kidogo, na kukipeleka chini ya hadubini hapohapo chumba cha upasuaji. Tone hilo ndilo linaloamua. Yakiwa majimaji meupe mepesi, au zikionekana mbegu, hata vipande vyake, ncha mbili zinashonwa pamoja kwa nyuzi ambazo macho peke yake hayazioni vizuri. Yakiwa mazito kama dawa ya meno na hamna mbegu hata moja, maana yake shinikizo la miaka limepasua kimrija cha nyuma ya korodani, kwenye epididimisi, na kuziba huko. Kushona mrija kwa mrija hapo hakusaidii kitu. Inabidi mrija upandishwe na kushonwa moja kwa moja kwenye epididimisi, juu ya kizibo, kazi ngumu zaidi na ndefu zaidi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "unaweza kufungua?" Muulizeni: "Ukikuta majimaji hayana mbegu, utafanya nini?" Akijibu kwamba ataunganisha vivyo hivyo, au hana hadubini ya upasuaji, shukuruni mwondoke.

*Uwezekano.* Takwimu zinazotajwa sana ni za kundi la madaktari wa Marekani waliochapisha mwaka 1991 matokeo ya wanaume 1,469 waliounganishwa kwa hadubini. Waliokuwa hawajatimiza miaka mitatu tangu kukatwa, 97 kati ya 100 mbegu zilirudi na 76 wake zao walishika mimba. Kati ya miaka mitatu na minane, 88 na 53. Kati ya tisa na kumi na minne, 79 na 44. Kuanzia miaka kumi na mitano, 71 na 30. Angalieni pengo kati ya namba mbili za kila kundi. Mbegu kurudi ni jambo moja na mimba ni jingine, na sehemu kubwa ya pengo hilo imekaa upande wa mke, hasa umri wake. Wanandoa walewale waliokwisha kuzaa pamoja, wakafunga, kisha wakabadili nia, huwa na bahati zaidi, kwa kuwa inajulikana wote wawili wanaweza.

Mtaambiwa pia habari za kingamwili, kwamba mwili wa mume umejifunza kushambulia mbegu zake. Ni kweli wanaume wengi waliokatwa huwa nazo kwenye damu. Ila kwa wengi wao hazizuii mimba, na peke yake si sababu ya kuacha njia hii.

*Muda.* Mume hupumzika siku kadhaa, havui chupi ya kubana, habebi gunia, hapandi bodaboda, na tendo la ndoa linangoja wiki mbili hadi nne kama daktari atakavyosema. Mbegu huonekana ndani ya miezi mitatu hadi sita, na kwa aliyeshonwa kwenye epididimisi zinaweza kuchukua mwaka. Mimba nyingi huja katika mwaka wa kwanza na wa pili.

*Gharama.* Inalipwa mara moja. Ikifanikiwa, mtoto wa pili na wa tatu hawana bili ya kliniki ya uzazi. Tabu yake kwetu ni uhaba wa mikono: madaktari bingwa wa njia ya mkojo wapo katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, lakini wenye mazoezi ya upasuaji huu wa hadubini ni wachache, na ndiyo sababu baadhi ya familia huishia kupanda ndege kwenda India au Afrika Kusini. Hapo ongezeni tiketi, viza, malazi ya watu wawili, na siku za kukaa mpaka daktari aridhike na kidonda.

*Mwili wa nani.* Wa mume peke yake. Mke hachomwi hata sindano moja.

*Imani.* Hii ndiyo yenye mabishano machache. Hakuna mtu wa tatu, mimba inatungwa chumbani, na mafundisho ya Kanisa Katoliki hayana pingamizi nayo. Kwa Waislamu mtoto ni wa ndoa bila shaka yoyote.

*Inamfaa nani.* Mke mwenye umri chini ya miaka 35 hivi na mirija yake wazi, mume aliyekatwa si muda mrefu sana, na wanandoa wanaotaka zaidi ya mtoto mmoja. Na kumbukeni: ikifanikiwa, uzazi wa mpango unarudi nyumbani. Kuna waliosahau hilo wakapata watoto wawili mfululizo bila kupanga.

Njia ya pili: kuvuta mbegu na kufanya IVF

Swali ambalo kila kliniki hulisikia: "Daktari, si uvute tu mbegu kwa sindano umwekee mke wangu?" Linaeleweka, lakini haiwezekani hivyo. Mbegu zinazovutwa kutoka kwenye korodani au epididimisi ni chache na nyingi hazijajifunza kuogelea. Zikiwekwa tu kwenye mji wa mimba haziwezi kulifikia yai. Inabidi yai litolewe nje na mbegu moja iingizwe ndani yake kwa sindano ya kioo, chini ya hadubini. Hiyo ndiyo ICSI, ambayo mimba zake za kwanza zilitangazwa kutoka Brussels mwaka 1992. Ndiyo pia sababu mume anayevutwa mbegu kwa nusu saa anamletea mke wake wiki kadhaa za matibabu.

*Kinachofanyika.* Kwa mume, ganzi na sindano nyembamba, mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mbegu zikitosha, zinagandishwa kwa ajili ya safari zijazo ili asichomwe tena.

Kwa mke ni habari nyingine. Siku kumi hadi kumi na mbili za kujichoma sindano tumboni ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja, na kila baada ya siku mbili tatu ultrasaundi na kipimo cha damu. Dawa nyingi za aina hii zinataka ubaridi, zinakaa kwenye jokofu kati ya nyanya na maziwa, na umeme ukikatika Jumamosi usiku mnatafuta barafu kwa jirani bila kumweleza ni ya nini. Halafu inakuja sindano ya mwisho, ile ya kuyaivisha mayai, ambayo huchomwa kwa saa iliyopangwa kabisa, kwa sababu mayai yanavunwa yapata saa 36 baadaye. Kliniki ikisema saa tano na nusu usiku, si saa sita. Wekeni kengele kwenye simu zote mbili.

Mayai huvunwa kwa sindano inayopitia ukeni huku ultrasaundi ikiongoza, mke akiwa amelala usingizi mwepesi. Viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa, hukuzwa maabara siku tatu hadi tano, kimoja au viwili huwekwa kwenye mji wa mimba, vilivyobaki na kuonekana vizuri hugandishwa kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Baada ya wiki mbili hivi ndipo mnapima damu.

*Uwezekano.* Miaka tangu mume akatwe karibu haihesabiki hapa. Awe alikatwa juzi au miaka ishirini iliyopita, kwa kawaida mbegu zinapatikana. Kinachohesabika ni umri wa mayai. Katika kliniki za Marekani, kwa wanawake walio chini ya miaka 35 takriban nusu ya mizunguko ya kuvuna mayai huishia na mtoto, ukihesabu na viinitete vilivyogandishwa. Baada ya miaka 42, kwa mayai ya mwanamke mwenyewe, ni chini ya 5 kati ya 100. Kliniki yoyote inayowapa watu wote asilimia ileile, bila kuuliza mke ana miaka mingapi, inauza ndoto. Waulizeni: kwa wanawake wa umri wangu, ni wangapi mliowavuna mayai mwaka jana na wangapi walirudi na mtoto mkononi? Mkononi, siyo kwenye kipimo cha mkojo.

*Muda.* Mzunguko mmoja ni wiki nne hadi sita. Ni njia ya haraka kuliko ya kwanza, na hapo ndipo nguvu yake ilipo kwa mwenye umri uliosogea.

*Gharama.* Inalipwa kila mnapojaribu. Nairobi ni laki kadhaa za Kenya kwa mzunguko, Dar es Salaam ni mamilioni, na dawa pekee zinaweza kuwa sehemu kubwa ya bili. Bima nyingi hazigusi. Familia nyingi hupanga bajeti ya mzunguko mmoja, wakati inayowafaa ni ya miwili, kwa kuwa wa kwanza kushindwa ni jambo la kawaida kabisa. Kuna pia gharama isiyoandikwa: wiki za kukaa mjini kwa shemeji, mkimweleza mmekuja kwa shughuli za benki.

Kwa upande mwingine, hakuna haja ya kufikiri huduma hii iko Ulaya tu. Uganda mtoto wa kwanza wa IVF alizaliwa mwaka 2004, Kenya mwaka 2006, na Tanzania kliniki zipo.

*Mwili wa nani.* Wa mke, kwa sehemu kubwa. Ovari zinaweza kuvimba kupita kiasi kutokana na dawa, tumbo likajaa maji na pumzi ikabana. Hiyo ni dharura, arudi hospitali bila kungoja asubuhi. Vikiwekwa viinitete viwili, pacha nao huja na hatari zao: kujifungua kabla ya wakati, presha ya mimba. Nimeona si haki kwamba jambo lililoanzia kwa mume linamalizikia kwenye ovari za mke, na nadhani mume anapaswa kulisikia hivyo kabla hajasema "tufanye IVF, ni rahisi."

*Imani.* Azhar, taasisi kuu ya elimu ya Kiislamu ya Misri, ilitoa fatwa mwaka 1980 ikiruhusu utungishaji nje ya mwili kati ya mume na mke walio katika ndoa, kwa mbegu na yai lao wenyewe. Msimamo huo ndio unaofuatwa na wengi wa Sunni. Ndoa ikiisha kwa talaka au kifo, viinitete vilivyogandishwa havitumiki. Kanisa Katoliki kwa upande wake lilikataa IVF katika waraka wa mwaka 1987, hata kati ya mume na mke. Wakatoliki wengi huifanya hata hivyo, lakini ni vizuri uamuzi huo uwe wa macho wazi, usije ukawa mzigo wa toba mimba ikishatunga.

*Inamfaa nani.* Mke aliyevuka miaka 37 au mwenye akiba ndogo ya mayai, mke mwenye mirija iliyoziba, mume aliyekatwa zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, au wanandoa wanaotaka mtoto mmoja tu.

Njia ya tatu: mbegu za mchangiaji

*Kinachofanyika.* Mbegu zilizogandishwa za mwanaume mwingine huwekwa kwenye mji wa mimba kwa mpira mwembamba siku yai linapotoka. Dakika chache, bila ganzi. Kliniki makini hutumia mbegu zilizokaa karantini miezi sita na mchangiaji kupimwa tena VVU kabla hazijatumika.

*Uwezekano na muda.* Kwa mke kijana mwenye mirija wazi, kila mwezi nafasi ni kama 10 hadi 20 kati ya 100, kwa hiyo hupangwa mizunguko kadhaa. Kwa mke aliyevuka 40 hushuka sana, kama zilivyo njia nyingine zote.

*Gharama.* Kwa kila jaribio ni nafuu kuliko IVF kwa mbali.

*Mwili wa nani.* Wa mke, ila mzigo ni mwepesi. Mzigo mzito uko kichwani mwa mume. Huyu si mwanaume asiye na mbegu, anazo, zimefungiwa ndani tu. Kabla ya kukubali, awe na hakika kwamba hakubali kwa sababu ya kujiadhibu kwa uamuzi wa zamani.

*Imani na sheria.* Kwa Sunni ni haramu, fatwa ileile ya 1980 ilikataa mtu wa tatu. Mashia Ithnaashari hufuata marajii, yaani wanazuoni wao wakuu, na wao wametofautiana. Kanisa Katoliki linakataa. Kenya mbunge Millie Odhiambo amekuwa akisukuma mswada wa uzazi saidizi kwa miaka mingi, jambo linaloonyesha jinsi sheria ilivyochelewa nyuma ya kliniki. Popote mlipo, sahihi za ridhaa ziwe za wote wawili, na nakala mbaki nayo.

Jaribu moja nalisema waziwazi: kumtumia mdogo wake mume kimyakimya "ili damu isitoke nje". Mbegu mbichi zisizopimwa ni hatari, na siri hiyo itakaa kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo. Siku hizi siri za namna hii hazidumu. Walio Uingereza wajue kwamba mtoto wa mbegu zilizochangwa baada ya Aprili 2005 ana haki ya kujua jina la mchangiaji akifika miaka 18, na vipimo vya DNA vya kuagiza kwa posta vimeshafichua mengi ambayo wazazi walidhani wameyazika.

*Inamfaa nani.* Wanandoa ambao imani yao haikatazi, IVF imewashinda kwa bei au kwa matokeo, mke akiwa bado na mayai mazuri, na mume ameridhika kwa dhati.

Njia ya nne: kuasili, au kafala

*Kinachofanyika.* Hapa hakuna daktari, kuna afisa ustawi wa jamii. Anakuja nyumbani, anaangalia mnavyoishi, kipato, afya, anaongea na majirani. Mtoto huishi nanyi kwa kipindi kilichowekwa kabla mahakama haijatoa amri. Tanzania Bara mnafuata Sheria ya Mtoto ya 2009, Kenya Sheria ya Watoto ya 2022. Zanzibar Sheria ya Mtoto ya 2011 inatambua kafala, yaani ulezi wa mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu, ambayo Waislamu wengi wanaitaka kwa sababu mtoto anabaki na nasaba yake.

*Uwezekano na muda.* Umri wa mayai hauhesabiki. Mnaokidhi masharti na wenye subira ya makaratasi mnaweza kufika. Inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa zaidi ya mwaka, hasa mkitaka mtoto mchanga.

*Gharama.* Ada za wakili na mahakama, kiasi kisicholingana na IVF. Mtu akiwaahidi mtoto haraka kwa "malipo ya mama mzazi", hiyo ni biashara ya watoto na mnaweza kuishia jela.

*Imani na sheria.* Aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama ni mwanenu kisheria. Aliye katika kafala harithi moja kwa moja kwa sheria ya Kiislamu, lakini mnaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Mke akiweza kumnyonyesha kabla hajatimiza miaka miwili, anakuwa mtoto wa kunyonya na mambo ya umahramu (nani ajisitiri mbele ya nani) nyumbani yanarahisika. Wapo madaktari wanaosaidia mama asiyezaa kutoa maziwa.

*Inamfaa nani.* Wanaotaka kulea kuliko kubeba mimba, mke aliyevuka miaka 42 na hataki mayai ya mwingine, waliochoka na sindano. Haiwafai wanaotafuta mtoto wa kuziba kidonda cha aliyefariki. Mpeni huzuni nafasi yake kwanza.

Kwa hali yenu

Mke chini ya 35, vipimo vyake safi, mume alikatwa chini ya miaka kumi iliyopita, mnataka watoto wawili au zaidi: anzeni kuzungumza na daktari wa kuunganisha mirija.

Mke 35 hadi 37: hapa ndipo panapogawanya watu kweli. AMH ikiwa nzuri na daktari mwenye hadubini yupo karibu, kuunganisha bado kuna maana, lakini wekeni tarehe. Miezi kumi na miwili bila mimba, mhamie IVF bila kubembelezana.

Mke 38 na kuendelea: nendeni IVF moja kwa moja kama imani na mfuko vinaruhusu. Akishafika 42, kaeni na daktari awaeleze namba za umri huo kabla ya kulipa chochote, na mzungumzie kuasili siku hiyohiyo.

Mke ana mirija iliyoziba: kuunganisha kwa mume hakutasaidia, iwe ana miaka 25 au 35.

Mkatoliki asiyetaka kukiuka mafundisho: kuunganisha au kuasili. Sunni: kuunganisha, IVF ya mbegu na yai lenu, au kafala.

Pesa zipo za jaribio moja tu na mke ni kijana: kuunganisha kunawapa miezi mingi ya kujaribu kwa bei moja. Pesa zipo za jaribio moja na mke ana miaka 40: ulizeni gharama za kuasili kabla hamjauza kiwanja.

Mume ana watoto wakubwa na mke ndiye anayetaka: msichague njia kabla hamjakaa wawili, bila mama mkwe, mkaelewana ni wangapi, mpaka lini na kwa kiasi gani cha pesa.

Na mkichagua kuunganisha, mwombeni daktari agandishe mbegu atakazozikuta siku ya upasuaji, au mrudi kugandisha zikishaonekana kwenye kipimo. Kwa baadhi ya wanaume kovu hurudi kuziba njia baada ya mwaka au miwili, na mwenye mbegu kwenye friza ya kliniki anahamia ICSI bila kupasuliwa tena.